Moshi Una Mguu

Mashati arobaini na mawili yalikuwa juu ya meza yake, yamefunguliwa vifua, na katika kila moja tundu la tatu la kifungo lilikuwa limekaa upande, nje ya mstari kwa upana wa punje ya mchele. Msimamizi hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomtisha. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa amezoea kelele za msimamizi yule kwa mambo madogo kuliko hayo. Siku hiyo alilishika shati moja kwa ncha za vidole, akalirudisha mezani taratibu, akasema, "Mama, nenda kwa daktari wa macho. Leo leo."

Kazi yake ilikuwa hiyo moja: matundu ya vifungo, katika kiwanda cha sare. Sare za shule, za walinzi, za wauguzi. Mashati yalimjia kutoka kushoto yakiwa yameshapata mikono na kola, akayatia matundu, yakaenda kulia kwa mwenye kushona vifungo. Wenzake walimwita Mama Tundu, na wenye utani wakatia herufi moja mbele wakamwita Mama Mtundu, ingawa safu nzima haikuwa na mtu mtulivu kuliko yeye. Tangu mwaka uliopita, kila ikifika saa nane mchana, uzi mmoja ulikuwa unageuka nyuzi mbili. Alijifundisha kulenga katikati ya zile mbili, na kwa miezi mingi ilikubali. Hakumwambia mtu. Alidhani ndivyo watu wanavyozeeka.

Daktari alimulika jicho la kulia, akamulika la kushoto, akazima taa yake.

"Macho yako hayana ugonjwa," alisema. "Yamechoka. Kile unachokitazama kutwa nzima kiko mbali kiasi gani?"

Mama Tundu akapima hewani kwa mkono. Shibiri moja na vidole viwili.

"Na kitu cha mbali kabisa unachokitazama kwa siku?"

Akafikiri. Nyumbani dirisha lake lilitazamana na ukuta wa jirani. Kiwandani vioo vilipakwa chokaa ili jua lisichujishe vitambaa. Njiani alitazama miguu yake, maana njia ilikuwa na mashimo.

"Ukuta," alisema.

Daktari alimwandikia miwani na wiki tatu za mapumziko. "Lakini miwani haitapumzika kwa niaba yako," alisema. "Nenda mahali ambapo macho yatapata nafasi ya kutembea."

Jioni alimsimulia binti yake, ambaye waliishi naye wawili tu. Binti alifanya kazi kwenye duka la dawa na alikuwa na tabia ya kujibu kabla swali halijaisha.

"Si kwa baba mkubwa?" alisema. "Kule mnarani mtu anaona mpaka kesho."

Mama Tundu aliendelea kukunja nguo zilizokuwa zimekunjwa tayari. Baba mkubwa huyo alikuwa shemeji yake, mume wa marehemu dada yake, mlinzi wa msitu. Kazi yake ilikuwa kukaa juu ya mnara wa chuma kilimani na kuangalia kama moto umezuka mahali. Tangu dada azikwe, miaka miwili na nusu, Mama Tundu hakuwa amekanyaga kule. Wiki ile ya msiba alikuwa kiwandani. Simu ilikuja Alhamisi mchana kwamba dada kazidiwa. Akaomba ruhusa, akaambiwa amalize kwanza mzigo wa sare za walinzi. Akaumaliza Jumamosi. Alipofika Jumapili alikuta kaburi limeshafukiwa na watu wanakung'uta udongo miguuni. Shemeji alimpa mkono bila kumtazama. Tangu siku hiyo wakawa wanatumiana salamu kupitia kwa binti, kama watu wanaopitishiana mzigo juu ya ukuta.

"Nishampigia," binti alisema kesho yake.

"Amesemaje?"

"Amesema, 'Aje.'"

"Basi?"

"Basi. Baba mkubwa unamjua, maneno yake anayapima kwa kijiko."

Alipanda basi la asubuhi, akashuka penye ubao wa msitu, na kutoka hapo ilikuwa kupanda kwa miguu. Njia ambayo dada yake alizoea kuipanda na ndoo kichwani ilimchukua saa mbili. Alisimama mara kumi na moja, alizihesabu. Shemeji alikuwa akimsubiri kwenye kizuizi cha magogo. Alikuwa amezeeka shingoni. Akachukua mkoba wake.

"Shemeji, umekuwa mwembamba kama uzi wako," alisema.

"Na wewe umekuwa kama ngazi yako, mifupa mitupu."

Wakacheka kidogo. Utani wa shemeji na shemeji ulikuwa bado upo, lakini nyuma yake hapakuwa na kitu cha kuendelea nacho. Walipanda kipande kilichobaki, shemeji mbele na mkoba.

Chini ya mnara palikuwa na nyumba ya mbao aliyoishi shemeji, na mkabala nayo kibanda cha mlinzi wa pili, ambaye alihamishwa na hakuletwa mwingine. Humo ndimo alimotandikiwa. Aliketi ukingoni mwa kitanda avue viatu, na kiatu cha pili hakukumbuka kukivua.

Alilala siku nne. Aliamka kula maharage na mkate, akaenda chooni, akarudi akalala. Usingizi wenyewe haukuwa mtamu. Ulikuwa mzito wenye udongo ndani yake, na kila akiamka viungo vyote vilimuuma kana kwamba alikuwa akibeba magunia ndotoni. Alikuwa amedhani msitu ungempa nguvu siku ile ile, kama watu wanavyosimulia. Badala yake ulimwonyesha tu kwamba alikuwa hoi bin taabani, na kwamba alikuwa hivyo kwa muda mrefu. Kule kiwandani kengele ilikuwa ikimsimamisha kabla mwili haujapata kusema. Hapa hapakuwa na kengele, na mwili ulisema yote.

Siku ya nne alitoka nje kwa aibu.

"Nisamehe, shemeji. Sikuja kulala."

Shemeji alikuwa akinoa panga kwenye jiwe. "Ulikuja kufanya nini?"

"Kutazama mbali. Daktari kasema."

"Mtu aliyechoka hatazami mbali. Anakodoa tu." Akaendelea kunoa. "Lala. Mlima hauondoki."

Siku ya tano alipanda mnara. Ngazi zilikuwa sitini na tatu, zimesimama karibu wima, na upepo ulipita katikati yake. Juu palikuwa na chumba cha bati chenye madirisha pande zote nne, stuli mbili, darubini iliyoning'inia msumarini, na redio ya mawasiliano iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli. Alishika ukingo wa dirisha akatazama, na hakuona kitu. Kijani tu. Kama mtu aliyefunikwa shuka la kijani usoni. Baada ya dakika chache kichwa kilianza kumgonga, machozi yakamtoka, si ya huzuni, ya jicho tu.

"Unatafuta," shemeji alisema nyuma yake. "Usitafute. Jicho linalotafuta linajichosha bure. Lipitishe tu, pole pole, kutoka kushoto mpaka kulia. Likifika mwisho, lifumbe. Kisha anza tena."

Hilo alilielewa. Maisha yake yote mashati yalitoka kushoto kwenda kulia. Alianza kupitisha jicho, na siku ya pili yake kijani kikaanza kugawanyika. Kulikuwa na kijani cheusi cha misonobari iliyopandwa kwa mistari, na kijani kilichovurugika cha msitu wa asili nyuma yake, usiojua mstari wala safu. Kulikuwa na bonde, na nyuma ya bonde mgongo wa kilima, na nyuma yake mwingine wa rangi ya majivu, na nyuma yake wa tatu ambao haukuwa na rangi kabisa. Aliuangalia ule wa tatu kwa muda mrefu. Ulikuwa hauna haja naye. Hilo lilimpumzisha kuliko miwani.

Shemeji alimfundisha kazi, maana watu wawili juu ya mnara wasiozungumza ni kazi ngumu kuliko kuzungumza.

"Ile nyeupe pale ni nini?" alimuuliza asubuhi moja.

"Moshi?" alisema Mama Tundu kwa hofu.

"Ukungu. Angalia chini yake. Moshi una mguu. Una mahali uliposimama. Ukungu hauna mguu, umelala tu. Na ile ya kahawia kule barabarani?"

"Ina mguu."

"Ina mguu lakini inatembea. Hilo ni vumbi. Kitu chenye mguu kisichotembea, hicho ndicho uniite."

Wiki ya pili alimpeleka kwenye mteremko wa mashariki ulioungua miaka mitano nyuma. Walitembea kando ya kinga moto, ukanda mpana uliofyekwa ukabaki udongo mtupu ili moto ukija usipate cha kula. Mama Tundu alijua atakachoonyeshwa. Alishasikia hotuba za namna hiyo: mti ulioungua unachipua, na wewe binadamu usikate tamaa. Akaandaa uso wa kukubali.

Mteremko haukuwa na mti ulioota tena. Vigogo vyeusi vilisimama kama vilivyoachwa, vingine vimeanguka, na katikati yake kulikuwa na nyasi ndefu, vichaka vyenye miiba na maua madogo ya zambarau ambayo hakuyajua.

"Misonobari haikurudi?" aliuliza.

"Haikurudi."

"Si husemwa msitu hurudi?"

"Wanaosema hivyo wanaishi mjini." Shemeji alivunja kijiti akakitupa. "Kinarudi kitu, ndiyo. Lakini si kilichoondoka. Mwaka wa kwanza nilikuwa nakuja hapa kila Jumapili natafuta miche ya misonobari. Dada yako alinicheka. Akaniambia, 'Wewe unatafuta msitu wako wa zamani huku unakanyaga huu mpya.'"

Ilikuwa mara ya kwanza kumtaja. Aliyasema haraka, akageuka, akaanza kurudi. Mama Tundu alitazama chini. Alikuwa amesimama juu ya yale maua ya zambarau. Akasogeza mguu, lakini alikosogeza kulikuwa na mengine.

Wiki ya tatu, Jumatano, kama saa tano asubuhi, shemeji alishuka kuchota maji kwenye chemchemi. Ilikuwa mwendo wa nusu saa kwenda na kurudi. "Redio unaijua," alisema. "Kitu kikizuka, bonyeza, sema, achia." Mama Tundu alikaa kwenye stuli, akapitisha jicho. Kushoto, kulia, akafumba. Kushoto, kulia.

Mara ya sita au ya saba aliona. Katika misonobari ya ng'ambo ya bonde kilikuwa kimeinuka kitu cha rangi ya manjano hafifu, kinene chini, chembamba juu. Alishusha darubini. Kilikuwa na mguu. Alisubiri kukiona kikitembea. Hakikutembea; kikazidi kupanda, halafu kando yake kikaanza kingine.

Hakukumbuka baadaye maneno aliyoyasema redioni. Alikumbuka tu sauti ya mkuu wa kikosi cha zima moto ikimuuliza kwa utulivu, "Mama, upande gani? Umeona kwa macho yako?" na yeye akijibu, "Kwa macho yangu." Kisha akaona chini bondeni watu sita wadogo kama punje wakitoka kambini kwao na majembe na mabomba ya mgongoni, wakianza kuupanda mteremko. Jua lilikuwa kali. Ilikuwa saa nzima na nusu ya kupanda. Shemeji aliporudi na madumu yake alimkuta amesimama, ameshika dirisha kwa mikono miwili. Akachukua darubini, akatazama. Akatazama kwa muda mrefu mno.

"Ni nini?" Mama Tundu alimuuliza. "Shemeji, ni nini?"

"Tusubiri waseme."

Redio ilikoroma saa saba kasoro. Mkuu wa kikosi alikuwa akihema. "Hakuna moto," alisema. "Misonobari inatoa unga wa maua. Upepo umepiga, unga umeruka wote kwa pamoja. Sote tumekuwa manjano kama vifaranga."

Mama Tundu alikaa chini, si kwenye stuli, sakafuni. Watu sita na majembe. Alimnyang'anya shemeji redio, akabonyeza. "Naomba radhi," alisema. "Jamani, naomba radhi sana. Macho yangu ni mabovu. Nimewachosha bure."

"Mama, hata mimi miaka ile niliwahi kuukimbilia unga huo huo," sauti ilisema. "Afadhali kukimbilia unga kuliko kufika umechelewa. Haya, tunashuka."

Alirudisha redio mahali pake. Alitaka kusema jambo la kawaida, kwamba ashuke akapike chai. Akaanza kulia badala yake. Hakuwa amelia kaburini. Alifika watu wakiwa wameshamaliza kulia, akaona si adabu kuwaanzishia upya. Sasa alilia kwa sauti mbaya, ya kukwaruza, katika chumba cha bati, na shemeji akasimama akitazama nje dirishani kwa sababu hakujua pa kuweka macho.

Alipotulia walishuka. Shemeji ndiye aliyepika chai. Wakakaa kwenye gogo mbele ya nyumba.

"Shemeji," Mama Tundu alisema, "mimi nilichelewa."

"Leo hukuchelewa. Umewahi kupita kiasi."

"Sisemi leo."

Shemeji aliacha kukoroga. "Najua husemi leo."

"Ulipiga Alhamisi mchana. Ningeweza kuinuka nikatoka. Mlango haukuwa na kufuli. Nilikaa. Dada yangu anakata roho, mimi natia matundu."

"Nilikukasirikia," shemeji alisema. "Nisikufiche. Mwaka mzima. Binti yako akiniletea salamu zako nilikuwa naitikia mdomoni tu."

Mama Tundu aliitikia kwa kichwa. Kulisikia kulikuwa kwepesi kuliko kulisubiri.

"Lakini sikiliza," shemeji aliendelea, na sauti yake ikashuka. "Dada yako hakuzidiwa Alhamisi. Alizidiwa Jumatatu. Jumatatu asubuhi hakuweza kuinua kikombe. Nikamwambia, 'Nampigia mdogo wako.' Akasema, 'Usimsumbue, watamgombeza kazini. Nitapata nafuu.' Nikamsikiliza. Jumanne nikapanda mnarani. Jumatano nikapanda. Kiangazi kilikuwa kikali, nikajiambia siwezi kuuacha msitu. Mimi ninayeona moshi ulio mwendo wa nusu siku, nilikuwa na moto chumbani kwangu nikasema ni ukungu."

Chai ilikuwa imepoa. Kunguru wawili waligombana juu ya bati.

"Ningekupigia Jumatatu," alisema, "hata ungemaliza mashati yako yote, ungemkuta. Ndiyo maana nikakukasirikia wewe. Ilikuwa rahisi."

Mama Tundu aliweka kikombe chini. Aliinuka, akashika njia ya kinga moto, akaenda. Alikuwa na hasira ambayo hakuwahi kuijua. Ilimsukuma mgongoni kama mtu. Siku tatu! Miaka miwili na nusu alijibebesha lawama kila siku, akila, akilala, akitia matundu, na mtu huyu alikuwa na siku tatu mfukoni. Alitembea mpaka ukanda ulipoishia kwenye msitu wa asili, akakuta mti mkubwa ulioanguka, akaketi juu yake.

Alikaa pale mpaka alasiri. Msitu haukumwambia pole, haukumwambia una haki. Siafu walipita karibu na kiatu chake kwa mstari wao, wakakuta jiwe, wakalizunguka. Jani lilianguka, na baadaye jingine. Ule mti alioukalia uling'oka na mizizi yake yote, na mwanga ulioingia palipokuwa na kivuli chake ulikuwa umeotesha vimiti vyembamba visivyo na idadi, vinasukumana, vingi vyake vitakufa. Hakuna aliyekuwa akiulaumu mti kwa kuanguka wala vimiti kwa kuchelewa kuota. Alijaribu kuisukuma hasira iendelee, ashuke nayo, amtupie shemeji usoni. Lakini uchovu nao ulikuwepo, ule wa miaka ishirini na sita, na aliona wazi kwamba hana mgongo wa kubeba vyote viwili. Uchovu hakuweza kuuacha njiani. Ulikuwa mwili wake. Hasira, labda. Si yote. Robo ingebaki.

Akamfikiria dada yake akisema "usimsumbue" na mdomo mkavu. Hilo ndilo alilokaa nalo mpaka kivuli kilipohama.

Aliporudi, shemeji hakuwepo nyumbani. Alikuwa juu, saa za kazi zilikuwa hazijaisha. Mama Tundu aliziangalia ngazi sitini na tatu, akaguna, akapanda. Akachukua stuli ya kushoto. Walitazama kila mtu upande wake.

"Upande wako vipi?" shemeji aliuliza.

"Kuna nyeupe bondeni."

"Ina mguu?"

"Haina. Imelala."

"Basi," alisema. Baadaye akaongeza, "Ungenipiga kofi nisingesema kitu."

"Nilifikiria. Mkono umechoka."

Siku zilizobaki hazikuwa na jambo kubwa. Alilala mchana bila kuomba radhi. Aliteka maji, akajifunza kutua mzigo kabla bega halijauma, si baada. Mkuu wa kikosi alipita siku moja kumjulia hali, bado ana manjano kwenye mishono ya kofia, akamwita "mama wa unga" na wote watatu wakacheka hadi wakakohoa. Usiku wa mwisho haukuwa na hotuba. Asubuhi shemeji alimshusha mpaka barabarani na mkoba, akasimama naye hadi basi likaja, akasema, "Msalimie mwanangu." Safari hii salamu zilipitia kwa Mama Tundu mwenyewe.

Macho hayakupona yote. Uzi ulibaki mmoja mpaka saa kumi, kisha ukagawanyika kama zamani. Jumatatu yake ya kwanza alimfuata msimamizi kabla ya kengele, akamwambia kwamba matundu basi, amweke kwenye kupiga pasi na kukunja.

"Kule ni kwa wasichana wapya," msimamizi alisema. "Wewe ni fundi. Watu watasemaje?"

"Watasema Mama Tundu amechoka. Watakuwa wamesema kweli."

Walivutana wiki nzima, mwishowe akapewa. Kazi ya pasi ilikuwa ya kusimama na ilimuumiza miguu. Hakuna kazi mle ndani isiyoumiza kiungo fulani. Lakini ukisimama pale unaona mlango mkubwa wa kupakilia mizigo, na mlango ukiwa wazi unaona uwanja, na nyuma ya uwanja barabara, na juu ya barabara kipande cha mbingu. Kila mashati kumi aliinua uso. Msimamizi alimwona, akageukia meza nyingine.

Mvua kubwa zilipoanza mnara ulifungwa, kwa kuwa msitu uliolowa hauna haja ya mlinzi wa moto. Jumamosi moja jioni mtu alibisha hodi, na alipofungua alimkuta shemeji amesimama na koti linalochuruzika, amekumbatia kifuko cha viazi kama mtoto mchanga.

"Baba mkubwa!" binti alipiga kelele kutoka ndani. "Umeshuka?"

"Nimeshuka. Bati linavuja. Nimechoka kuhamisha kitanda."

Walikula. Baada ya kula Mama Tundu alikusanya vyombo, akaenda nyuma kuviosha. Miguu ilimwaka kutokana na kutwa ya pasi, na mvua iligonga bati kiasi kwamba mwanzo hakusikia waliyokuwa wakizungumza. Ilipopungua kidogo, sauti ya shemeji ilipenya.

"Mama yako mkubwa? Huyo usimwone vile. Mwaka tulipooana nilimpandisha mnarani, nikidhani ataogopa anishike mkono. Alivyofika juu alikataa kushuka. Saa nne nzima! Anasema hajawahi kukaa mahali ambapo hakuna mtu anayemwita. Nikapika mimi, nikamtumia chakula kwa kamba."

"Kwa kamba?"

"Kwa kamba, ndani ya ndoo. Na akakirudisha! Anasema chumvi hakuna."

Binti alicheka, kicheko kile cha kukosa pumzi, na shemeji naye akaanza kucheka. Mama Tundu alikuwa na sahani mkononi, imeshatakata. Kisa hicho dada yake hakuwahi kumsimulia. Aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akanyoosha miguu, akaacha vyombo vilivyobaki ndani ya maji, akasikiliza.